Jinsi ya Kukusanya na Kutunza Karatasi za Maonyesho: Mwongozo kwa Anayeanza, Nyanda za Juu Kusini

Wanaoanza kukusanya karatasi za maonyesho, yaani ratiba, vijitabu, mabango na tiketi za matamasha na tamthilia, huniuliza maswali yale yale kila mwezi. Nitumie faili gani? Nipige laminesheni? Na ratiba ya tamasha la kwaya ya mtaani nayo ni ya kutunzwa, au ni vile vijitabu vya opera na okestra za Ulaya tu? Naandika mara moja ili anayeuliza kesho asomeshwe hapa.

Hilo la mwisho nalijibu kwanza. Playbill, kijitabu kinachogawiwa bure kwenye kumbi za tamthilia za New York na kilichoanza mwaka 1884, huchapwa kwa maelfu. Ukikosa chako, kipo kwingine. Ratiba ya tamasha la kwaya pale Kihesa, Iringa, au Uyole, Mbeya, hutolewa kopi chache kwenye steshenari, nusu yake hufutiwa viti kabla mgeni rasmi hajafika, na Jumatatu haipo tena. Ukiwa nayo moja, huenda ndiyo iliyobaki peke yake. Anza na za nyumbani. Za London na Chicago zitakuja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Vyote hivi vinapatikana soko la Mwanjelwa pale Mbeya, Soko Kuu la Iringa au steshenari yoyote ya Njombe na Makambako:

- Penseli ya HB au 2B, na kifutio cheupe laini.
- Rimu ya karatasi nyeupe A4. Soma pembeni mwa rimu: ukiona ISO 9706, hiyo haina asidi na itakufaa kutenganisha vitu.
- Mifuko ya plastiki ya kuwekea vyeti, iliyoandikwa PP au PET, ambazo ni aina za plastiki. Zaidi kuhusu hili kwenye hatua ya 6.
- Boksi faili, au boksi la plastiki lenye mfuniko.
- Kaunta buku moja.
- Brashi laini ya kupakia rangi, mpya, isiyowahi kugusa rangi.
- Kisu chembamba cha mezani kisicho na makali, cha kutolea pini.
- Simu yenye kamera nzuri.

Glovu huhitaji. Mikono iliyooshwa na kukauka vizuri inatosha, tena ni bora, kwa sababu ukivaa glovu ya kitambaa huisikii karatasi na utaichana pembeni.

Hatua kwa hatua

1. Ipate, na uipate kwa adabu

Chukua mbili kila inapowezekana: moja ya kushika na kuonyesha watu, nyingine ya kuhifadhi usiiguse. Usichukue iliyo mkononi mwa mtu mwingine wala usisubiri watu watoke ndipo uokote chini, maana utaokota yenye alama za viatu. Mfuate katibu au mwalimu wa kwaya kabla tamasha halijaanza: "Shikamoo Mwalimu. Naomba nakala moja ya ratiba ya leo, nataka kuiweka kwenye kumbukumbu." Kwa kawaida hapo hapo utapewa na ya mwaka jana iliyosahaulika kwenye droo.

Mahali pa kutafuta ni pengi kuliko unavyodhani. Uzinduzi wa albamu za kwaya, matamasha ya Pasaka na Krismasi ya Walutheri, Wamoravian na Wakatoliki, mahafali ya shule ambapo kuna igizo, mashindano ya kwaya na ngoma ndani ya UMISSETA na UMITASHUMTA (michezo ya shule za sekondari na za msingi), maonyesho ya wanafunzi vyuoni. Usidharau ukurasa mmoja uliochapwa upande mmoja. Mabango ya tamthilia ya Uingereza ya karne ya 18 na 19, yanayowekwa leo kwenye makabati ya vioo, nayo yalikuwa hivyo hivyo: karatasi ndefu nyembamba, ya bei rahisi, imechapwa upande mmoja, kesho inatupwa.

Bango lililogundishwa ukutani liache. Halitatoka zima, na kulibandua kabla ya siku yake ni kuwaharibia wenye shughuli. Muulize mwandaaji kama alibakiza moja, au nenda steshenari lilikochapwa ukaombe faili lenyewe, kwa ruhusa ya mwenye kazi.

Za nje zinapatikana kwa kuomba. Iringa tuna bahati: kwa miaka mingi wageni wa Bega kwa Bega, ule ushirikiano wa Dayosisi ya Iringa ya KKKT na Walutheri wa Saint Paul kule Minnesota, wamekuwa wakija na kurudi. Mji wa jirani, Minneapolis, una Minnesota Orchestra iliyoanza mwaka 1903, na Guthrie Theater iliyofunguliwa mwaka 1963. Mgeni akikuuliza akuletee nini, mwambie kijitabu cha onyesho la mwisho alilohudhuria. Hakimgharimu kitu, kwani Marekani vingi hugawiwa bure. London ni tofauti: pale kijitabu hununuliwa mlangoni, kwa hiyo ukimwagiza mtu, mpe na hela.

2. Andika usiku ule ule

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Andika kwa penseli, nyuma, chini pembeni, karatasi ikiwa juu ya kitu kigumu, na mkono uwe mwepesi. Weka tarehe kamili yenye mwaka, ukumbi, mji, na kilichotokea tofauti na ratiba.

Mwaka! Mabango yetu husema "Jumapili tarehe 14 Aprili, saa nane mchana, wote mnakaribishwa", basi. Tarehe 14 Aprili iliangukia Jumapili mwaka 2013, 2019 na 2024. Miaka kumi ikipita hakuna atakayekumbuka ilikuwa ipi.

Kuhusu mabadiliko, kumbi kubwa za opera zina utaratibu mzuri. Mwimbaji akiugua, kikaratasi kidogo huchomekwa ndani ya kijitabu kikitaja aliyechukua nafasi yake. Wakusanyaji wanavitafuta sana vikaratasi hivyo, na usije ukakitupa ukidhani ni tangazo. Kwetu hakuna wa kuchapa kikaratasi, kwa hiyo wewe ndiye utakayekiandika. Mgeni rasmi alituma mwakilishi. Kwaya kutoka Tukuyu haikufika, gari liliharibika Igawa. Umeme ulikatika katikati ya "Haleluya" ya Handel na wakamaliza bila kinanda. Ratiba inasema kilichopangwa, na penseli yako inasema kilichotokea.

Usitumie kalamu ya wino. Wino hupenya, husambaa karatasi ikipata unyevu, na haufutiki ukikosea. Msanii akikusainia, mpe kalamu ya kawaida ya wino mzito badala ya makapeni, kisha acha ikauke kabla ya kufunga.

3. Piga picha kabla ya kuhifadhi

Weka karatasi mezani karibu na dirisha, mchana, bila jua la moja kwa moja na bila mwanga wa kamera. Simama juu yake ili simu iwe sambamba na meza. Piga kurasa zote, hata zenye matangazo ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu mara nyingi tangazo ndilo litakalosaidia kujua mwaka. Ukipata skana, tumia dpi (nukta kwa inchi) 300. Kwa vitu vidogo kama tiketi, 600.

Lipe faili jina linaloanza na mwaka: 2024-04-14_Iringa_Kihesa_tamasha-kwaya_uk1. Ukifanya hivyo simu au kompyuta itazipanga yenyewe.

Mabango ya siku hizi mengi hayachapwi kabisa, yanaishi kwenye WhatsApp. Hayo nayo kusanya, lakini ujue kwamba picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Mwombe mwandaaji akutumie kama dokumenti. Na usiyaache kwenye simu pekee. Simu huibiwa.

4. Safisha, bila maji

Futa vumbi kwa brashi, ukianzia katikati kwenda pembeni. Mwezi wa nane hadi wa kumi, upepo wa Iringa na vumbi lake, utafanya kazi hii sana. Uchafu mkavu uliobaki unaweza kuguswa na kifutio cheupe, polepole, sehemu isiyo na maandishi. Basi. Usitumie kitambaa kibichi, spiriti, petroli wala ule ujanja wa kusugua kwa mkate.

Pini za stepla hupata kutu, na kwetu kwenye baridi yenye ukungu hazichukui muda. Fungua miguu ya pini kwa nyuma kwa kisu chembamba, itoe taratibu, usiivute kwa kucha. Kijitabu kikilegea kishone kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale, au kikunje tu ndani ya karatasi nyeupe ya A4. Klipu za chuma na mipira ya kufungia noti ni marufuku. Mpira huo huyeyuka na kuganda kwenye karatasi.

5. Nyoosha

Kilichokunjwa kifungue, kiweke kati ya karatasi mbili nyeupe, pandisha vitabu vizito juu yake, usikiguse kwa wiki moja au mbili. Pasi hapana. Joto huikausha karatasi ikawa ya kukatika, na ikiwa imetoka kwenye printa ya leza, wino wenyewe ni unga ulioyeyushwa kwa joto; ukiupiga pasi utahamia kwenye pasi.

6. Weka kwenye mfuko sahihi

Hapa ndipo hela inapotea. Mifuko mingi ya plastiki ya bei ya chini ni PVC, ambayo kadiri inavyozeeka hutoa asidi na mafuta yanayonata kwenye maandishi. Utaitambuaje? Inanuka kama mpira mpya, inanatanata, na ikiwa na alama ya pembetatu, ndani kuna namba 3. Unayoitaka ina namba 5 (PP) au namba 1 (PET), haina harufu na hutoa sauti kavu ukiikunjakunja.

Mfuko mmoja, kitu kimoja. Ratiba iliyochapwa kwenye karatasi ya gazeti iwe peke yake kabisa, kwa sababu karatasi ya aina hiyo hutoa asidi inayoigeuza rangi ya njano na kuiambukiza jirani yake. Iwekee karatasi nyeupe nyuma.

Karatasi ya kaki, ile ya kujalidia madaftari, usiitumie kufungia, hata kama kiwanda kiko hapa hapa Mgololo na sote tunajivunia. Kwa mifuko ya saruji ni nzuri. Kwa kumbukumbu, nyingi zina asidi.

Na laminesheni: usipige. Najua vyeti vyetu vya kuzaliwa vyote vimepigwa. Lakini ile ni gundi na joto, na ukishapiga hakuna fundi wa kuirudisha. Karatasi itaendelea kuoza ndani ya plastiki huku ukiitazama. Anayekuambia inadumu anauza laminesheni.

7. Chagua mahali

Maandiko mengi ya kuhifadhi karatasi huonya sana juu ya joto. Mbeya iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, Njombe ni juu zaidi, na Makete baridi yake haihitaji maelezo. Joto si adui wetu mkuu, unyevu ndio. Karatasi hufurahia unyevu wa hewa kati ya asilimia 35 na 50. Ukipita 65 na kukaa hapo, kuvu huanza. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa yetu iko huko juu siku nyingi, na Tukuyu mvua haijui kupumzika.

Kwa hiyo: rafu ya kabati iliyo kwenye ukuta wa ndani, siyo ukuta unaopigwa na mvua. Usiweke boksi moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji. Liinue angalau sentimita 15. Usiweke chini ya bati lisilo na dari, maana asubuhi bati hutoa matone. Usiweke jikoni, wala sebuleni ikiwa mnaingiza jiko la mkaa mwezi wa sita na wa saba. Moshi na masizi vitaingia hata kwenye boksi lililofungwa (na ninyi wenyewe fungueni dirisha, watu hufa kwa jiko hilo).

Ukitumia boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lijaze na kulifunga siku ya jua kavu. Ukifunga siku ya ukungu umefungia unyevu ndani. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya husaidia kidogo, ila baada ya muda hushiba na kubaki pambo tu. Kila baada ya miezi mitatu, siku kavu, fungua boksi, acha lipumue saa chache kivulini, angalia wadudu. Kivulini, siyo juani: jua hupausha rangi, nyekundu na njano zikitangulia.

8. Andikisha

Chukua kaunta buku, chora safu: namba, tarehe, mji na ukumbi, kundi, kilichoonyeshwa, nilivyoipata, hali yake, jina la faili la picha. Namba iwe rahisi, mfano IR-2024-007, na hiyo hiyo iandikwe kwa penseli nyuma ya karatasi. Safu ya "nilivyoipata" usiiruke. Ukirithiwa, mjukuu hatajua ile ya Minneapolis ililetwa na nani.

Kujua mwaka wa karatasi isiyo na mwaka

Watu wengi huniletea mafungu ya marehemu babu yasiyo na tarehe. Anza na siku ya juma na tarehe, kama nilivyoonyesha juu. Zitakupa miaka michache ya kuchagua. Kisha soma anwani. Ikiandikwa "Njombe, Mkoa wa Iringa", ni kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012. "Vwawa, Mkoa wa Mbeya" ni kabla ya Songwe, mwaka 2016. Bila shaka wapo waliochapa anwani za zamani kwa mazoea miaka kadhaa baadaye, hivyo usiape kwa kigezo kimoja. Andika mwaka wa kukisia ndani ya mabano na alama ya kuuliza.

Ukiuziwa bango la kale la Uingereza, lipapase kwa nyuma. Yaliyochapwa kwa herufi za risasi mara nyingi huacha mikwaruzo na mibonyeo unayoweza kuisikia kwa kidole. Yakiwa laini tupu, na yamepakwa rangi ya chai sawasawa pande zote, huenda ni nakala ya mapambo. Hakuna ubaya kuwa nayo. Ubaya ni kuilipia bei ya halisi.

Yakiharibika

*Imelowa.* Una kama siku mbili kabla kuvu halijaanza. Tenganisha kurasa sasa hivi, hasa za karatasi ya kung'aa, kwa sababu zikikaukia pamoja hazitaachana tena. Tandaza juu ya karatasi nyeupe ndani ya chumba chenye upepo, badilisha karatasi ya chini inapolowa. Si juani, si karibu na jiko.

*Kuna kuvu.* Itenge kwanza ili isiambukize nyingine. Acha ikauke hadi kuvu liwe unga mkavu. Likiwa bichi ukilisugua utalipaka. Kisha toka nje, vaa barakoa, brashi taratibu ukiupa upepo mgongo. Doa litabaki. Liache.

*Kuna wadudu.* Yule mwembamba wa rangi ya fedha anayekimbia ukifungua kabati, mende, na mchwa wakifika. Vidonge vya nafthalini visikae ndani ya boksi, vina sumu na harufu haitoki. Funga karatasi ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mpaka kesho yake, la sivyo matone yataganda kwenye karatasi yenyewe. Ikiwa ni mchwa, tatizo ni nyumba.

*Ina selotepu ya zamani.* Ikiwa imeshakauka na kujibandua yenyewe, iokote. Ikiwa bado imeshika, usiivute. Njano iliyoacha ni gundi iliyokwishaingia ndani. Na usiongeze selotepu mpya. Mpasuko mdogo hauhitaji kitu zaidi ya mfuko.

*Imegandana na plastiki.* Ni PVC, au ililowa. Ukiilazimisha, maandishi yatabaki kwenye plastiki. Ipige picha kupitia plastiki, andika kwenye kaunta buku, iache ilivyo.

*Tiketi imefutika.* Ilichapwa kwa joto kama risiti ya EFD, na hizo hufutika zenyewe hata gizani. Hakuna dawa. Tiketi za namna hiyo zipigwe picha usiku ule ule, kabla hata ya ratiba.

*Ina doa la mafuta ya maandazi.* Usijaribu kulitoa. Weka karatasi nyeupe mbele na nyuma, ndani ya mfuko wake peke yake, na kwenye safu ya hali andika "doa la mafuta, kona ya kulia".

*Kundi limevunjika na nina ratiba zao zote.* Mtafute aliyekuwa katibu au mwalimu wao, umpe nakala za picha zote kwenye flashi, na umwombe akutajie majina ya walioimba kila sauti. Fanya hivyo mapema, yeye mwenyewe akiwa bado anakumbuka, na majina uyaandike kwa penseli kwenye karatasi ya A4 inayokaa nyuma ya ratiba, siyo kwenye ratiba yenyewe.